Kutega na Kukesha: Lugha ya Paneli za Kengele za Wizi na Moto katika Pwani ya Galu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha inayotumiwa kuelezea mipangilio ya paneli ya kengele za wizi na moto katika nyumba za wageni na makazi ya pwani ya Galu, Kaunti ya Kwale. Hoja kuu ni kwamba paneli ya aina hii hubeba kazi mbili zinazokinzana: ulinzi dhidi ya mwizi, ambao hufunga njia, na uokoaji wakati wa moto, ambao hufungua njia. Kiswahili cha mazoea huziita kazi zote mbili usalama, na huziendesha kwa vitenzi viwili tu, washa na zima. Makala yanaonyesha jinsi utata huo unavyoweza kuhatarisha maisha, kisha yanapendekeza seti ndogo ya istilahi iliyojengwa juu ya vitenzi tega, tegua na kesha, ambavyo Kiswahili kinavyo tangu zamani.

1.0 Utangulizi

Galu ni sehemu ya ufuo wa kusini mwa Mombasa, baina ya Diani upande wa kaskazini na Kinondo upande wa kusini. Majengo mengi ya ufuo huu yana sura inayofanana: kuta za mawe ya matumbawe, nguzo za miti, na paa la makuti lililoinuliwa juu ili upepo wa bahari upite. Makuti ni majani ya mnazi yanayokunjwa na kushonwa juu ya ufito. Katika miezi ya kaskazi hukauka sana, na cheche moja iliyotoka jikoni au kwenye waya mbovu wa umeme yaweza kuligeuza paa zima kuwa moto kabla majirani hawajafika. Nyumba hizohizo huwa na nondo madirishani, makufuli milangoni, lango la chuma na mlinzi wa usiku. Kwa hiyo mkazi wa Galu hulala baina ya hofu mbili: hofu ya anayetaka kuingia, na hofu ya kushindwa kutoka.

Hofu hizi mbili si nadharia tupu katika Kwale. Mnamo Machi 1998, bweni la Shule ya Upili ya Wasichana ya Bombolulu, karibu na Mazeras, katika iliyokuwa Wilaya ya Kwale, liliteketea usiku na kuwaua wasichana zaidi ya 20. Vyuma vya madirisha na mlango uliofungwa, vitu vilivyowekwa ili kuwalinda, ndivyo vilivyowazuia wasitoke. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 waliangamia katika bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 uliagiza madirisha ya mabweni yasiwe na nondo, na milango ifunguke kwa nje wala isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Agizo hilo lilikuwa, kwa maneno mengine, tamko kwamba ulinzi na uokoaji si kitu kimoja.

Wenyeji wa pwani walikuwa na kengele zao kabla ya paneli za umeme. Palikuwa na mbiu, yaani pembe iliyopigwa kuita watu. Palikuwa na kamsa, nduru, mayowe na ukunga. Methali husema kuwa mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Lakini mbiu haisemi ni jambo gani. Hilo husemwa na kinywa cha mtu. Anayepiga ukunga hutaja hatari yenyewe: "Mwizi!" au "Moto!" Wasikiao neno la kwanza hukimbilia kuziba njia, wasikiao neno la pili hukimbilia kuzifungua. Paneli haina kinywa hicho. Tofauti ya hatari mbili lazima iwekwe ndani yake na fundi anapoipangia kazi, na kisha ielezwe kwa mlinzi kwa maneno. Maneno hayo ndiyo yanayochunguzwa hapa.

2.0 Paneli na mipangilio yake

Ili maneno yapimwe, kifaa chenyewe hakina budi kueleweka. Paneli ni sanduku, mara nyingi la chuma, lenye ubao wa saketi ndani yake. Transfoma hupunguza umeme wa volti 240 hadi kiwango kidogo kinachofaa saketi hiyo, na betri ya volti 12 hukaa tayari kuushika mzigo umeme unapokatika. Ukutani, karibu na mlango, huwapo kibao cha vitufe chenye skrini ndogo. Hapo ndipo mwenye nyumba na mlinzi hukutana na paneli.

Kutoka kwenye sanduku hutoka nyaya zinazokwenda kwenye maeneo mbalimbali ya nyumba. Eneo, kwa maana ya paneli, ni njia moja ya waya yenye kitambuzi kimoja au zaidi: sumaku ya mlangoni, kitambuzi cha mwendo, kitambuzi cha moshi, cha joto, au kitufe chekundu cha kubonyezwa na mtu aonaye moto. Mwishoni mwa kila njia huwekwa kizuizi kidogo cha umeme. Paneli hupima ukinzani wa njia hiyo muda wote. Ukinzani ukibadilika, hujua kama mlango umefunguliwa, au waya umekatwa, au nyaya mbili zimegusana.

Kupima si kuelewa. Paneli haijui kama waya wa tano unatoka mlangoni au jikoni, hadi fundi aiambie. Kazi hiyo ya kuiambia ndiyo mipangilio, na mambo yake makuu ni haya:

(a) Aina ya eneo. Mlango mkuu hupewa muda wa subira: mwenye nyumba akiingia, paneli humngoja kwa sekunde kadhaa, labda 30, ili aandike nambari yake ya siri. Dirisha halipewi subira. Likifunguliwa, king'ora hulia papo hapo. Eneo la moto nalo hufanya kazi saa 24, bila kujali kama ulinzi wa wizi umewekwa au umeondolewa.

(b) Hali ya ulinzi. Zipo hali mbili za kawaida. Katika ya kwanza, nyumba haina mtu, na vitambuzi vyote huangalia. Katika ya pili, watu wamelala ndani. Milango na madirisha hulindwa, ila vitambuzi vya mwendo vya ndani huachwa ili aendaye msalani asiamshe kijiji.

(c) Mlio. Kengele ya wizi kwa kawaida hulia mfululizo. Kwa moto, kiwango cha kimataifa ISO 8201 kinaeleza mlio wa kuwatoa watu nje: milio mitatu ya nusu sekunde kila mmoja, ikitengwa na kimya cha nusu sekunde, kisha kimya cha sekunde moja na nusu, halafu tena.

(d) Nambari za siri. Paneli hutoka kiwandani na nambari zinazojulikana na kila fundi, kama vile 1234. Zisipobadilishwa, ulinzi wote ni wa jina tu.

(e) Majina ya maeneo. Paneli nyingi zenye skrini ya maandishi humruhusu fundi kuandika jina la kila eneo. Nafasi hii ndogo, kama itakavyoonekana, ina uzito mkubwa kwa mwanaisimu.

Katika hoteli kubwa, paneli ya moto hujitegemea na hufuata viwango vyake, kama EN 54 vya Ulaya. Katika nyumba na vijumba vya wageni, hata hivyo, kazi hizo mbili mara nyingi hukaa ndani ya sanduku moja na kutumia kibao kimoja cha vitufe. Hapo ndipo utata wa lugha unapokuwa na madhara makubwa zaidi.

3.0 Utata wa "washa" na "zima"

Yachukuliwe mazungumzo ya kubuni, yanayofuata usemi wa kila siku, baina ya fundi kijana aliyekamilisha kazi na mlinzi mzee anayekabidhiwa nyumba:

Mlinzi: Haya fundi, niambie mwanangu, hii naitumiaje?
Fundi: Rahisi, mzee. Jioni unaiwasha, asubuhi unaizima.
Mlinzi: Na ikiwaka usiku?
Fundi: Ikiwaka usiku, unaizima kwanza, halafu unaangalia kuna nini.
Mlinzi: Na hii ya moto?
Fundi: Hiyo hiyo, mzee. Yote ni usalama.

Mazungumzo haya ni ya heshima, mafupi na yenye nia njema. Hata hivyo, yana mitego mitatu ya kisemantiki.

Kwanza, kitenzi washa na kauli yake waka vimebeba maana mbili. Katika sentensi ya kwanza ya fundi, kuwasha ni kuiweka paneli katika hali ya kuangalia, nayo ikiwa kimya kabisa. Katika swali la mlinzi, kuwaka ni kupiga king'ora. Hali ya amani na hali ya hatari zimepewa neno moja. Tena, kwa kuwa washa ndicho kitenzi cha moto wenyewe, usemi "imewaka" katika nyumba yenye paa la makuti unaweza kuleta maana ya tatu ambayo hakuna angependa kuisikia.

Pili, zima nacho kina maana zaidi ya moja. Kuzima king'ora ni kukinyamazisha. Kuzima ulinzi ni kuiondoa paneli katika hali ya kuangalia. Kuzima moto ni kazi tofauti kabisa. Isitoshe, kitambuzi cha moshi kikishalia hubaki katika hali hiyo hadi kiwekwe upya. Mtu anaweza kukinyamazisha king'ora huku kitambuzi kikiendelea kushuhudia moshi. Mlinzi aliyeambiwa "unaizima kwanza" hana njia ya kujua ni tendo gani kati ya hayo aliloagizwa. Akiifuata amri hiyo wakati wa moto, atakuwa amewanyima waliolala sauti pekee ya kuwaamsha.

Tatu, nomino usalama imefunika mgawanyo wote. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, lina maana pana ya kuepukana na madhara, na upana huo ni fahari yake katika sala, salamu na siasa. Katika chumba cha paneli, upana huo ni kasoro. Fundi aliyesema "yote ni usalama" hakudanganya; alitumia neno lisiloweza kumwonyesha mlinzi kwamba kwa mwizi hufungwa na kwa moto hufunguliwa.

Jibu la haraka kwa tatizo hili lingekuwa kuchukua maneno ya Kiingereza yaliyomo kwenye skrini. Lakini neno "arm" kwa asiyelijua ni mkono au silaha, na "zone" haimwambii mtu kitu mpaka aelezwe. Baadhi ya mafundi husema "kuset alamu". Mkopo huo unafahamika miongoni mwao, ila hauna kinyume kilicho wazi na hautofautishi wizi na moto. Tatizo limehama lugha tu, halijatatuliwa.

4.0 Tega, tegua na kesha

Utaratibu wa uundaji wa istilahi unaofundishwa vyuoni huelekeza kuanza na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Kazi kama ya Tumbo-Masabo na Mwansoko, Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili (1992), ziliwapa wanafunzi wa Afrika Mashariki msingi wa kuifanya kazi hii kwa mpango badala ya kubahatisha. Katika suala la paneli, hatua ya kwanza inatosha: Kiswahili tayari kina kitenzi kinachotakiwa.

Kutega ni kukiweka kitu tayari ili kifanye kazi pindi kitakapoguswa. Mwindaji hutega mtego, mvuvi hutega dema, mtu hutega sikio. Katika hali zote hizi, kilichotegwa kiko kimya lakini kiko macho. Hiyo ndiyo hali ya paneli baada ya mwenye nyumba kubonyeza nambari yake na kuondoka. Kinyume chake hupatikana kwa kauli ya kutendua, kwa kanuni ileile inayotoa fungua kutoka funga na zibua kutoka ziba: tega huzaa tegua. Jozi hii hai katika lugha. Hutumika katika sanaa ya vitendawili, ambapo mmoja hutega na mwingine hutegua, na vyombo vya habari husema mabomu yametegwa au yameteguliwa. Hakuna anayehitaji kufundishwa kwamba kutegua ni kuondoa hatari iliyokuwa ikingoja.

Jozi hii ina faida nyingine kubwa kuliko uzuri wake wa kimofolojia. Mtego hutegewa kiumbe anayekuja: mnyama, samaki, mwizi. Hakuna mtu anayetega moto. Ulinzi wa wizi ukiitwa kutega, moto hujitoa wenyewe katika kitenzi hicho, na huhitaji kitenzi chake. Kitenzi hicho ni kesha. Kitambuzi cha moshi hakitegwi jioni wala hakiteguliwi asubuhi, hukesha. Kanuni ya kifundi isemayo kwamba eneo la moto hufanya kazi saa 24 inageuka kuwa kanuni ya kisarufi: kitenzi kesha hakina kinyume cha -u- katika mfumo huu, na eneo lake halina kitufe cha kulizima. Anayejifunza maneno huwa amejifunza kanuni pamoja nayo.

Kutokana na vitenzi hivyo, seti ifuatayo inapendekezwa:

tega yote: kulinda nyumba isiyo na mtu;
tega nje: kulinda milango na madirisha watu wakiwa wamelala ndani;
tegua: kuondoa hali ya ulinzi dhidi ya wizi;
eneo la mtego: eneo linalotegwa na kuteguliwa;
eneo la kesha: eneo la moto, linaloangalia saa zote;
subira ya kuingia na subira ya kutoka: sekunde anazopewa mwenye nyumba mlangoni;
kulia: king'ora kupiga sauti;
kunyamazisha: kukata sauti tu, hatari ikiwa bado haijathibitishwa kuwa imekwisha;
kuweka upya: kumrudisha kitambuzi katika hali yake ya mwanzo baada ya hatari kwisha;
kuweka kando: kuliacha eneo moja lisiangaliwe kwa muda;
hodi: mlio mfupi wa kuarifu kwamba mlango umefunguliwa wakati wa mchana, bila king'ora.

Istilahi ya subira inaelezwa vyema na methali isemayo kuwa mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Bila sekunde hizo, mwenye nyumba angenaswa na mtego wake kila arudipo. Hodi nayo ni neno ambalo hakuna mtoto wa pwani asiyelijua. Paneli ikisema hodi, imesema kwamba kuna mtu mlangoni, na si zaidi ya hapo.

Vigezo vya PEGITOSCA vilivyopendekezwa na Kiingi vinaweza kutumiwa kuipima seti hii. Kwa usahihi, kila istilahi inataja tendo moja. Kwa iktisadi, nyingi ni neno moja au mawili. Kwa uzalishaji, tega hutoa mtego, mtegaji, tegwa na teguliwa bila taabu. Kwa uwazi, mlinzi huikisia maana hata kabla ya kuelezwa. Kigezo kinachobaki na shaka ni kukubalika, ambacho kitajadiliwa katika sehemu ya 6.0.

Maelezo ya fundi yaliyotangulia sasa yanaweza kusemwa hivi:

Fundi: Mzee, usiku wageni wakilala, utatega nje. Alfajiri utategua. Moshi hautegi wewe. Ule unakesha wenyewe. Ikilia mfululizo, ni mtu. Ikilia mara tatu ikapumua, mara tatu ikapumua, ni moto. Ya moto usiinyamazishe mpaka watu wote watoke.
Mlinzi: Na milango?
Fundi: Kwa mtu, funga. Kwa moto, fungua.

Maneno yameongezeka kidogo, lakini hakuna hata moja linalofanya kazi ya jingine.

5.0 Herufi kumi na sita

Istilahi husaidia wakati wa mafunzo. Saa nane za usiku, mlinzi hakumbuki mafunzo; husoma kilichoandikwa. Ikiwa skrini inaonyesha namba ya eneo pekee, itambidi atafute orodha iliyobandikwa pahali fulani, ikiwa bado ipo. Ikiwa inaonyesha jina kwa Kiingereza, huenda akalielewa au asilielewe. Hapa ndipo nafasi ya majina ya maeneo inapokuwa muhimu: hata paneli ambayo menyu zake zote ni za Kiingereza humwachia fundi nafasi ya kuandika jina kwa lugha aitakayo.

Skrini nyingi za aina hii huwa na mistari miwili ya herufi 16. Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za Kirumi zisizo na alama za ziada, kwa hiyo hakihitaji programu mpya wala mashine mpya. Kinachohitajika ni uhariri. MOSHI JIKONI huchukua nafasi 12 pamoja na pengo. MLANGO WA PWANI huchukua 15. UKUTA WA BUSTANI hujaza zote 16. Lakini KITUFE MOTO LANGO, chenye nafasi 17, hakiingii. Kifupishwe au kibadilishwe. Zoezi hili, linaloonekana dogo, ni zoezi la tafsiri chini ya masharti magumu, na linafaa kupewa wanafunzi darasani.

Nadharia ya Skopos, iliyoasisiwa na Hans Vermeer nchini Ujerumani katika miaka ya 1970, hupima tafsiri kwa lengo lake. Lengo la jina la eneo si kueleza kifaa. Ni kumfanya mtu aende mahali sahihi akiwa na nia sahihi. Kwa msingi huo, kanuni tatu zinapendekezwa. Hatari itangulie mahali: MOSHI JIKONI, si JIKONI MOSHI, kwa kuwa anayesoma kwa haraka huenda akasoma neno la kwanza tu. Mahali patajwe kwa jina linalotumiwa na wakazi wa nyumba hiyo, si kwa jina lililo kwenye ramani ya mjenzi. Na maeneo ya kesha yaanze daima kwa MOSHI au MOTO, ilhali maeneo ya mtego yaanze kwa kitu kinachofunguliwa au kupitwa: MLANGO, DIRISHA, UKUTA. Hivyo skrini yenyewe hutenga hatari mbili.

Faida ya kanuni hizi huonekana zaidi katika mazingira ya Galu. Tumbili, kima na mbega hupita juu ya kuta na mapaa, na matawi ya minazi huyumba wakati wa kusi. Vitambuzi vya mwendo vya bustanini huweza kulia usiku kucha kwa sababu zisizo za wizi. Mlinzi aliyechoka huweka kando eneo linalomsumbua. Akiwa hana majina, huenda akaliweka kando eneo lisilo lenyewe, au akazoea kuipuuza kengele nzima. Akiwa na majina, hujua kwamba UKUTA WA BUSTANI waweza kuwekwa kando kwa usiku mmoja huku fundi akiitwa kupunguza wepesi wa kitambuzi. Eneo la kesha, kwa upande wake, haliwekwi kando kwa sababu ya kelele. Kitambuzi kinacholia kwa moshi wa kupikia chafaa kubadilishwa kwa kile cha joto. Pafukapo moshi pana moto, lakini jikoni moshi una ruhusa yake.

6.0 Pingamizi na mipaka

Pingamizi la kwanza ni kwamba mafundi wana maneno yao na hawatayaacha. Pingamizi hili lina uzito. Historia ya istilahi za Kiswahili ina maneno mengi yaliyotungwa vizuri na kufia vitabuni. Hata hivyo, istilahi za kompyuta zinaonyesha njia nyingine. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu ya ofisi iitwayo Jambo mwaka 2004, maneno yake yaliwekwa ndani ya chombo chenyewe, mtumiaji akayakuta mbele ya macho. Jina la eneo ni nafasi kama hiyo: huandikwa mara moja na kusomwa kwa miaka.

Pingamizi la pili ni kwamba tega lina harufu ya hila. Kumtega mtu ni kumfanyia njama. Ni kweli. Lakini katika muktadha huu anayetegewa ni mwizi, na ukali wa neno hilo huenda ukawa faida. Anayesikia kwamba nyumba imetegwa hupita kwa uangalifu.

Pingamizi la tatu ni kwamba walinzi wengi wa Galu huzungumza Kidigo, Kiduruma, Kikamba au lugha nyingine nyumbani, na wenye nyumba wengine ni wageni kutoka Ulaya. Hoja hii huimarisha nafasi ya Kiswahili badala ya kuidhoofisha, kwani ndicho kinachowakutanisha mlinzi, mpishi, fundi na jirani anayekuja na ndoo. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na ibara ya 46 inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Kengele ni bidhaa. Maana ya mlio wake ni sehemu ya bidhaa hiyo.

Ipo pia mipaka ya lugha yenyewe. Istilahi nzuri haiichaji betri iliyokufa, haiondoi chumvi ya bahari iliyokula nyaya, wala haifungui kufuli ambalo ufunguo wake umelala na meneja. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 kuhusu kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zinadai mazoezi ya kujiokoa, na hakuna neno litakalochukua nafasi ya kutembea njia ya kutokea kwa miguu. Kazi ya lugha ni kuhakikisha kwamba zoezi hilo linapoamriwa, kila mtu amesikia amri moja.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala yameonyesha kwamba utata wa washa, zima na usalama si suala la ufasaha tu. Katika nyumba yenye nondo na makuti, utata huo waweza kumfanya mtu mwaminifu afunge pale alipopaswa kufungua. Tega, tegua na kesha huondoa sehemu kubwa ya utata huo kwa sababu hutenga hatari mbili ndani ya maneno yenyewe.

Inapendekezwa, kwanza, kwamba vyuo vya ufundi na kampuni za ulinzi katika Kwale zishirikiane na idara za Kiswahili kuandaa kadi moja ya maelezo, ya kubandikwa kando ya kibao cha vitufe, yenye istilahi zisizozidi 12. Pili, mafundi waandike majina ya maeneo kwa Kiswahili na kuyasoma kwa sauti pamoja na mlinzi siku ya kukabidhi nyumba, kila kitambuzi kikijaribiwa kwa jina lake. Tatu, wanafunzi wa isimu tumizi wakusanye usemi halisi wa mafundi na walinzi wa Diani, Galu, Kinondo na Msambweni, ili mapendekezo haya yapimwe, yakubaliwe au yakataliwe kwa ushahidi. Orodha ya istilahi inayoanzia ofisini huishia ofisini. Inayopaswa kusomwa saa nane za usiku lazima ijaribiwe na yule atakayeisoma saa hiyo.